Mteja Akikutafuta Akupate: Mwongozo wa Biashara Ndogo Mtandaoni

Wafanyabiashara wengi wadogo wanapoingia mtandaoni huanza na hatua ya mwisho. Hufungua ukurasa wa Instagram, huweka picha tatu, hulipia tangazo, kisha hukaa wakisubiri simu iite. Simu isipoita, huamini kwamba mtandao ni wa kampuni kubwa. Kumbe tangazo lilifanya kazi yake: lilimleta mtu. Alipofika hakukuta bei, hakukuta ramani, na namba ya simu ilikuwa imejificha.

Makala haya yanapanga hatua kwa utaratibu unaookoa pesa. Mfano wetu ni fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, lakini hatua ni zilezile kwa mshona nguo wa Arusha, muuza viungo wa Darajani, Unguja, au mpishi wa keki wa Nakuru.

Anza na maswali ya wateja

Kabla ya kumlipa mtu yeyote akutengenezee tovuti, fungua simu yako usome ujumbe wa wateja wa mwezi uliopita. Andika kwenye karatasi maswali yanayojirudia. Kwa fundi samani yatakuwa haya: Kitanda cha tano kwa sita ni bei gani? Mbao ni mninga au mkongo? Kinachukua siku ngapi? Mko wapi? Mnatuma Mwanza? Nalipaje?

Majibu ya maswali hayo ndiyo maudhui ya tovuti yako, ya ukurasa wako wa Instagram na ya wasifu wako wa WhatsApp. Usitafute maneno mengine ya kupamba.

Hapa kuna tabia moja ya kuacha: kuandika “bei njoo DM”. Wauzaji wengi huficha bei kwa kumwogopa mshindani, ilhali mshindani anaweza kupiga simu akajifanya mteja na kuijua ndani ya dakika moja. Anayefichwa kweli ni mnunuzi, na mwenye haraka hupita akaenda kwa aliyeandika. Kama bei hubadilika, andika “kuanzia shilingi kadhaa”, kisha eleza kinachoibadilisha: aina ya mbao, vipimo, kitambaa, umbali wa kupeleka.

Tumia pia maneno ya mteja mwenyewe. Ni nadra mtu kutafuta “samani bora za kisasa zenye ubora wa kimataifa”. Anaandika “kitanda 5 kwa 6 bei Dar”. Anza kuandika jina la bidhaa yako kwenye Google uone mapendekezo yanayojitokeza chini yake. Hayo hutokana na yale ambayo watu hutafuta. Yatumie kwenye vichwa vya habari na maelezo ya picha.

Jiweke kwenye ramani

Hatua ya pili haina gharama. Google inatoa wasifu wa biashara bure, ule unaoonekana kwenye Ramani ukiwa na picha, saa za kazi, namba ya simu na maoni ya wateja. Mtu akitafuta “fundi sofa karibu nami”, wasifu huo ndio unaoweza kukuleta mbele yake hata kama huna tovuti.

Andika jina la biashara kama lilivyo kwenye kibao cha dukani. Usiliongezee maneno ya tangazo, kwa sababu Google inaweza kuusimamisha wasifu wako. Chagua aina ya biashara kwa usahihi. Google itataka uthibitishe kwamba biashara ipo, mara nyingi kwa video fupi inayoonyesha mtaa, kibao na vifaa vya kazi, kwa hiyo piga video hiyo mchana, dukani penyewe.

Mahali penye mitaa isiyo na majina yanayofahamika, weka alama ya ramani mlangoni kwako hasa, kisha andika maelekezo ambayo dereva wa bodaboda angeyaelewa: karibu na msikiti gani, kituo gani cha daladala, rangi gani ya geti.

Mteja akiridhika, mwombe maoni siku hiyohiyo na umtumie kiungo. Usinunue maoni ya uongo. Hukiuka masharti ya Google, na wasomaji huyatambua. Mtu akilalamika, mjibu kwa upole na useme utakachorekebisha. Wanaosoma jibu lako ni wengi kuliko yeye.

Tovuti ndogo yenye jina lako

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Muuzaji aliyekuwa na Instagram peke yake siku ile alikuwa kama mpangaji aliyekuta mwenye nyumba amefunga geti. Akaunti pia hufungwa kwa makosa, au huibiwa. Ndiyo maana ni vyema kuwa na anwani moja ambayo ni yako, hata kama ni ya ukurasa mmoja.

Jina la tovuti, ambalo mafundi huita domeni, husajiliwa na kulipiwa upya kila kipindi, kwa kawaida kila mwaka. Kwa Tanzania biashara hutumia .co.tz, kwa Kenya .co.ke. Chagua jina fupi, linaloweza kutamkwa kwenye simu likaandikwa bila kukosewa.

Sasa zingatia jambo linalowagharimu wengi: hakikisha jina hilo limesajiliwa kwa jina lako na kwa baruapepe yako. Mara nyingi kijana aliyetengeneza tovuti hulisajili kwa akaunti yake mwenyewe. Akihama au mkikosana, jina la biashara yako linabaki kwake. Kabla ya kumaliza malipo, pata kwa maandishi mambo matatu: jina la kampuni iliyosajili domeni, jina la kampuni inayohifadhi tovuti, na nywila za zote mbili.

Ukurasa wenyewe uwe na unachouza, picha halisi, bei, mahali, namna ya kulipa na kitufe cha kupiga simu kinachoonekana bila kushuka chini. Ujaribu kwenye simu ya bei nafuu, ukitumia bando, mbali na waifai ya ofisini. Google hutazama zaidi toleo la simu inapopanga matokeo, na kwa kipimo chake sehemu kuu ya ukurasa inapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Chombo chake cha bure, PageSpeed Insights, kitakueleza kinachochelewesha. Mara nyingi ni picha nzito: picha ya kamera yenye megabaiti 5 inaweza kupunguzwa hadi kilobaiti 200 bila mteja kuona tofauti. Mwombe fundi pia aweke anwani inayoanza na https. Cheti chake hupatikana bure kupitia Let’s Encrypt, na bila hicho kivinjari humwonya mgeni kwamba tovuti si salama.

WhatsApp iwe kaunta

Biashara nyingi ndogo hukamilisha mauzo WhatsApp. Tumia WhatsApp Business, ambayo ni bure, uweke saa za kazi, anwani na katalogi ya bidhaa zenye bei. Andaa majibu ya haraka kwa yale maswali ya karatasini, ili usichape maelekezo ya kufika dukani kila siku.

Tengeneza kiungo cha kufungua mazungumzo moja kwa moja: andika wa.me/ kisha namba yako ukianza na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Namba ya Tanzania inayoanza na 07 itaanza na 2557. Kiweke kwenye tovuti, Instagram na kadi ya biashara.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp huwafikia tu wale waliohifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe mteja aihifadhi. Muulize pia kama anataka kupokea taarifa za bidhaa mpya. Ni adabu, na pia ni suala la kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Namba za wateja si mali ya kugawa wala kuuza.

Malipo na uaminifu

Anayenunua akiwa mkoa mwingine ana hofu moja: kutapeliwa. Mwondolee. Tumia Lipa Namba, au Till kwa Kenya, yenye jina la biashara, ili jina linalotokea kwenye simu yake lifanane na lililo kwenye tovuti. Ukituma mzigo kwa basi, mpigie picha ukiwa umefungwa, umtumie pamoja na stakabadhi. Eleza mapema masharti ya kurudisha au kubadilisha.

Nawe jilinde. Picha ya ujumbe wa muamala si malipo, hughushiwa. Hakiki salio lako ndipo utoe mzigo. Usimpe mtu yeyote tarakimu sita za uthibitisho wa WhatsApp, hata akijitambulisha kama mtoa huduma. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti.

Tangazo lije mwisho

Sasa unaweza kulipia tangazo. Tangaza bidhaa moja, kwa eneo unaloweza kulihudumia, kwa kiasi ambacho ukikipoteza hutayumba. Kila anayekuja, muulize alikuona wapi, na uandike kwenye daftari.

Kisha piga hesabu. Tuseme umelipa shilingi 30,000, watu 20 wakaandika, wawili wakanunua. Kila mnunuzi amekugharimu 15,000. Ikiwa faida ya kitanda kimoja ni 120,000, endelea. Ikiwa ulitangaza mito yenye faida ya 4,000, umepata hasara hata kama picha ilipendwa na watu elfu moja. Na ikiwa walioandika ni wengi lakini hawanunui, soma mazungumzo yao uone walipokwamia: ni bei, ni usafiri, au ulichelewa kujibu?

Wiki hii soma ujumbe wa wateja na ufungue wasifu wa Google. Wiki ijayo panga katalogi na picha. Ya tatu, sajili jina la tovuti kwa jina lako mwenyewe. Baada ya hapo, mara moja kila mwezi, jitafute mtandaoni kwa simu ya mtu mwingine, kama mteja asiyekujua. Hakikisha namba inaita, bei ni za sasa na ramani inafika mlangoni. Biashara ndogo haiwezi kumshinda mkubwa kwa fedha za matangazo, lakini kwa kujibu haraka, kuweka bei wazi na kutimiza ahadi, inamweza.