Mafundi Rangi Waliopita Nyumba ya Baba: Mafunzo Niliyopata

Najua tayari una mpango. Umeuza maharage vizuri, au umepata kiinua mgongo, au binti amekutumia chochote kutoka Dar es Salaam, na sasa unaitazama nyumba ya wazee na kusema mwaka huu lazima ing'ae. Sikukatazi. Nakuomba tu usikilize yaliyonipata kabla hujampigia simu fundi.

Nyumba yangu iko upande wa Mtendeli, wilaya ya Kakonko, ambako mpaka 2012 tulikuwa tukihesabiwa ndani ya Kibondo. Baba aliijenga baada ya Operesheni Kigoma ya 1972, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya kando ya barabara. Matofali ya kuchoma, udongo katikati ya tofali na tofali badala ya saruji, lipu nyembamba, chokaa juu yake, kisha rangi juu ya rangi, kila ilipotokea harusi au Krismasi. Nyumba za namna hiyo zimejaa kutoka kwetu hadi Kasulu. Huenda yako ni mojawapo.

1. Fundi wa ukuta mpya si fundi wa ukuta mzee

Fundi wangu wa kwanza alikuwa kijana mwepesi ajabu. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena Januari 2016 kuwapokea ndugu zetu Warundi, palihitajika majengo mengi kwa haraka, na vijana wa huku walipata kazi za ujenzi. Mwaka 2021 kambi ikafungwa, waliokuwemo wakahamishiwa kambi ya Nduta, na mafundi wakarudi mitaani kutafuta vibarua. Huyu nilimkamata nikajiona mjanja. Sebule ilikuwa imeisha kabla ya chakula cha mchana. Nikaita majirani waje kuona. Nikawapa na soda.

Mvua za kwanza zilipopiga, rangi ikaanza kubanduka. Ungeweza kuivuta kwa kucha ikaja kipande kizima, na mgongoni mwake umeshika unga mweupe wa chokaa. Nilimtukana yule kijana miezi mingi, tena mbele za watu, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Hakuniibia. Alifundishwa kazi kwenye kuta zilizopigwa lipu juzi, naye akafanya alichofundishwa. Rangi ya maji ilishika unga wa chokaa. Unga wenyewe haukuwa umeshika kitu.

Siku hizi fundi akija namuuliza swali moja: chini ya rangi hii kuna nini? Akijibu kwa mdomo peke yake, namshukuru namuaga. Anayejua kazi atapitisha kiganja ukutani aone kama kinatoka cheupe. Atagonga kwa vifundo vya vidole, asikilize palipo na lipu iliyoachana na tofali, maana hapo mlio unakuwa mtupu. Mmoja alinishangaza: alikwenda nyuma ya mlango, akakwangua kwa wembe pahali padogo kama stempu, akanionyesha tabaka moja moja. Krimu, kijani, buluu, chokaa. Ile buluu niliisahau kabisa. Mama aliipenda, baba akaifunika mara tu alipopata nafasi.

Mwambie pia akupeleke kwenye nyumba aliyoipaka na ikanyeshewa misimu miwili. Nyumba ya wiki iliyopita haithibitishi chochote. Hata yangu ilipendeza wiki ya kwanza.

2. Maji kwanza, rangi baadaye

Hili ndilo lililonigharimu zaidi, kwa hiyo nivumilie nilieleze kwa urefu.

Huku kwetu, kabla ya lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, vumbi jekundu lilikuwa sehemu ya maisha. Mvua ikinyesha, matope yanaruka mpaka usawa wa goti. Dawa ya kila mtu ilikuwa mkanda wa rangi ya mafuta, kahawia iliyoiva, kuzunguka nyumba nzima kwa chini. Fundi wangu wa pili alinishauri hivyo, nami nikaongeza urefu wa mkanda ili nionekane nina uwezo. Haukupita mwaka, mkanda ukatoa malengelenge. Ukilipasua moja, maji yanachuruzika. Ndani ya nyumba, upande wa pili wa ukuta uleule, chumvi nyeupe ikaanza kuota.

Akaja fundi wa tatu, mtu mzima kutoka Kasulu. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba kwa nje akitazama juu kwenye bati, halafu chini, akachuchumaa, akachokoa udongo kwa kijiti.

"Mzee mwenzangu," akasema, "hapa mimi sipaki. Chimba kwanza."

Nikamwona mvivu. Kumbe miaka yote ya kufagia uwanja kuelekea ukutani, na ya udongo kushuka kutoka mlimani, ardhi ilikuwa imepanda hadi kuufunika msingi. Bati nalo halikuwa na gata, linamwaga maji palepale ukutani. Matofali yetu ya kuchoma yananyonya maji, udongo uliopo katikati yake unanyonya zaidi, na wazee hawakuweka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji yakipanda yanatafuta pa kutokea. Zamani yalitokea kwenye chokaa, yakakauka kwa upepo. Mimi nikayafungia mlango kwa rangi ya mafuta, yakauvunja.

Kabla hajaondoka alinifundisha kipimo ambacho hakina gharama. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, uache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba tu, fungua madirisha.

Nilichimba ardhi mpaka msingi ukaonekana tena, nikachonga mtaro, nikaweka gata, nikakwangua ule mkanda wote, kisha nikauacha ukuta wazi kiangazi kizima. Majirani walipita wakiuliza kama fedha zimekata. Rangi niliyoweka baadaye ni ya maji, na pale chini nilirudisha chokaa, inayouruhusu ukuta upumue. Jambo hili si la Kigoma peke yake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, wahifadhi wanapigana na saruji na rangi za plastiki kwa sababu hiyohiyo: zinafunga unyevu ndani, na ukuta unaoza huku uso wake unapendeza.

3. Ukiona fundi anakataa kazi mwezi wa kumi, chukua namba yake

Mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea mpaka kuelekea Mei. Kazi ya nje ni Juni hadi Septemba, hakuna ujanja. Na hata kiangazi kina masharti yake: asubuhi za milimani zina umande, kwa hiyo brashi isiguse ukuta wa nje mpaka jua lishike, na Agosti mioto ya nyika inarusha masizi, yakitua kwenye rangi mbichi umekwisha. Anayekubali kila tarehe unayomtajia anataka advansi tu.

4. Nunua rangi mwenyewe, lakini jua unachonunua

Fundi ukimpa fedha akanunue, yeye na mwenye duka watawekeana cha juu. Sisemi wote. Nasema nimekutana nao. Wengine hununua rangi nzuri kisha huichakachua kwa maji, ndoo moja ikapaka nyumba mbili, ya pili ikiwa ya shemeji yake.

Kwa hiyo nikaenda Kibondo mwenyewe, kifua mbele, nikaomba "rangi ya krimu". Nikaletewa ndoo, na baada ya siku chache nikarudi kuongeza nyingine. Fundi akaanza kupaka, mimi nikalala usingizi wa mchana. Nilipoamka, ukuta mmoja wa sebule ulikuwa krimu, mwingine ukielekea kuwa ngozi ya ndizi mbivu. Kumbe hata kampuni ileile na jina lilelile, ndoo zikitengenezwa wakati tofauti zinaweza kutofautiana. Tazama namba ya toleo kwenye ndoo; zisipolingana, changanyeni pamoja kwenye pipa kabla ya kuanza. Wageni huniuliza kama ni mtindo. Huwa naitikia.

Hesabu nayo ni rahisi. Kwenye ukuta laini, lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye urefu wa ukuta wa mita 2.7 kina karibu mita za mraba 38. Toa mlango na dirisha, ibaki kama 34. Mikono miwili ni 68, yaani lita 6 au 7. Ukuta wa zamani wenye mikwaruzo hula zaidi, weka lita 8 hadi 9. Fundi akikuandikia ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho, mwombe akueleze taratibu, ukiwa umekaa.

5. Patana na mikono itakayoshika brashi

Nimewahi kupatana na fundi mwenye sifa, asubuhi wakaja watoto wawili ambao mmoja alikuwa akishika rola kwa mara ya kwanza maishani. Mwenyewe simu haipatikani. Tangu hapo nauliza waziwazi: utakayepaka ni wewe? Msaidizi ni nani?

Cheti cha VETA ni kitu kizuri. Upakaji rangi unafundishwa, na wapo mafundi wa mtaani waliorasimishiwa ujuzi wao wakapewa vyeti bila kukaa darasani miaka. Nakiheshimu, lakini nyumba iliyonyeshewa nakwenda kuiona vilevile.

Malipo usiyafanye ya deiwaka, utafuga mtu. Patana kwa kazi nzima, mwandike kwenye daftari, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, mlipane kwa hatua. Kidogo kwa kuanzia. Sehemu ya pili akishakwangua, kuziba nyufa na kupiga praima, ukakague mwenyewe. Ya tatu mkono wa mwisho ukikauka. Nami hubakiza kiasi mpaka mvua za kwanza zipite, na kiasi hicho kiandikwe tangu siku ya kwanza, maana ukimkatia mwishoni ni dhuluma. Mafundi wawili walikataa sharti hilo. Wa Kasulu alicheka, akasema hata yeye anataka kuiona nyumba ikilowa.

6. Milango ya zamani isisuguliwe kavu

Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na risasi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba dhidi ya rangi nyeupe ya risasi mwaka 1921, lakini makopo yaliendelea kuuzwa dunia nzima kwa miongo mingi baadaye. Vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa, linaharibu ubongo. Mimi nilisugua madirisha ya baba kwa msasa mkavu huku wajukuu wakicheza chini yake, nikiimba. Lowesha mbao, tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, mabaki yote kusanya kwenye mfuko na usiyachome jikoni. Fundi anayekuja na barakoa yake mwenyewe, usimcheke.

7. Mwite mvua zikianza

Novemba fundi wa Kasulu alikuja kuchukua kiasi kilichobaki. Alizunguka nyumba kama alivyofanya siku ya kwanza, akashika ukuta kwa kiganja, akakuta lengelenge moja chini ya dirisha la jikoni. Nikafurahi moyoni, nimepata pa kumkatia. Akapanda ngazi, akanionyesha kiungo cha gata kinachovuja, kile nilichokifunga mwenyewe ili niokoe fedha ya fundi bati. Nikamlipa rangi yake yote, na kiungo akakitoza mbali.

Rangi iliyobaki tuliiweka kwenye kopo dogo, tukaandika kwenye kifuniko jina la rangi, namba ya toleo, mwezi na chumba ilikopakwa. Liko darini, limefunikwa vizuri, kwa yule atakayegonga ukuta na kiti wakati wa harusi ya Desemba.