Somo la 12: Moyo Ulio Tayari Barabarani



Soma somo hili polepole. Ukifika mahali pagumu, rudia.

Barabara ya Morogoro inapita Kibaha, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Magari hupita usiku na mchana: mabasi ya bara, malori ya Zambia na Kongo, pikipiki za abiria. Ajali nazo zipo. Majeruhi wengi hupelekwa Hospitali ya Tumbi. Hospitali hiyo ilianza kama kituo cha afya cha Shirika la Elimu Kibaha. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi. Mwaka 1970 lilikabidhiwa kwa Serikali yetu.

Lakini kabla majeruhi hajafika kwa daktari, yumo mikononi mwa watu walio karibu. Huenda mtu huyo ni wewe.

Wakristo wengi wa Kibaha na Kisarawe wamesikia habari ya Msamaria. Imo katika Injili ya Luka, sura ya 10. Mtu mmoja alikuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Wezi walimpiga, wakamwacha karibu ya kufa. Kuhani akapita. Mlawi akapita. Msamaria, ambaye watu wake hawakupatana na Wayahudi, akasimama.

Watu huwasema sana kuhani na Mlawi. Mimi sidhani kuwa walikuwa wabaya kuliko sisi. Sheria ilimkataza kuhani kugusa maiti isiyo ya ndugu yake wa karibu. Labda alidhani mtu yule amekwisha kufa. Labda aliogopa wezi. Sisi nasi tuna maneno yetu: "Nitaambiwa nimemgonga mimi." "Damu yake itanipa ugonjwa." "Simjui." Maneno haya si ya uongo yote. Kwa hiyo moyo hauna budi kutayarishwa mapema, nyumbani, ajali ikiwa bado.

Unapoomba asubuhi, usiombee safari yako tu. Waombee na wapita njia usiowajua. Mwombe Mungu akuondolee hofu. Mwombe pia akuondolee tamaa.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii. Watu walikusanyika, wengi wao wakachota petroli. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Siwalaumu marehemu. Wengine walikuwa wapita njia tu, na shida ya fedha kila mtu anaijua. Lakini mwenye shida hujaribiwa. Afadhali uamue leo, ukiwa umetulia, kuwa mali ya ajali hutaigusa, ila kumhifadhia mwenyewe.

Kisha kuna kazi ya mikono. Msamaria alikuwa na mafuta, divai, punda na fedha. Imani peke yake haifungi jeraha.

Pigia polisi simu namba 112. Petroli ikimwagika, kaa mbali na uwaondoe watu. Damu ikitoka sana, weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize bila kuachia. Funika kwanza mikono yako kwa mfuko wa nailoni usiotoboka. Usimvute majeruhi ovyo. Kama shingo au mgongo umevunjika, unaweza kumpoozesha. Mhamishe upesi tu kama moto au magari yanamhatarisha. Usimpe chakula wala soda. Aliye hoi awahishwe hospitali, na mtu mwingine afuatilie fomu ya polisi, PF3.

Vijiji vya ndani ya Kisarawe, kama vile vya upande wa Maneromango, huenda gari lisionekane kwa saa nyingi. Kubalianeni mapema: nani ana gari au bajaji? Machela iko kwa nani? Majirani wengi wa Pwani ni Waislamu, nao wamefundishwa kusaidia. Kaeni nao katika mpango huo. Kamati ya Wakristo peke yao haitatosha, na Msamaria hakuuliza dini.

Jambo la mwisho husahauliwa sana. Msamaria alimpeleka yule mtu nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Majeruhi wa Mbeya aliyelazwa Tumbi huenda hana ndugu Kibaha. Nani atampelekea uji? Nani atamfulia shuka? Nani atawapigia simu watu wa kwao?

MANENO MAPYA
Majeruhi: mtu aliyeumia.
Kandamiza: bana kwa nguvu.
Machela: kitanda cha kumbebea mgonjwa.

MASWALI
1. Kwa nini si vizuri kumvuta majeruhi ovyo?
2. Wewe ungeogopa nini kama ungekuwa wa kwanza kufika kwenye ajali? Zungumza na wenzako.
3. Andika majina ya watu watatu kijijini kwako wenye chombo cha kubebea mgonjwa, na namba zao za simu. Bandika karatasi hiyo ukutani.