Moyo Unaporuka: Vali ya Mitrali na Mapigo ya Hatari
Kijitabu kwa familia za Nyangwe, Kasongo na Kabambare

Watu wengi hufika santre ya afya wakisema, "Munganga, moyo unaruka." Mara nyingi chanzo ni malaria, upungufu wa damu au mimba, na moyo hutulia hali hiyo ikishughulikiwa. Lakini kwa wengine tatizo limo ndani ya moyo wenyewe.

Upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, kuna vali ya mitrali. Ina vipande viwili vyembamba vinavyofunguka damu ishuke, kisha vinajifunga isirudi. Kwa watu wengine vipande hivyo ni virefu na vimelegea. Moyo unapojikaza vinafutuka kuelekea juu kama shavu la mtu anayepuliza moto. Munganga akisikiliza kifua husikia "tik" ndogo, na pengine mvumo baada yake. Zamani sauti hizo zilidhaniwa zinatoka nje ya moyo. Ni John Barlow, daktari wa Johannesburg, aliyeonyesha mwaka 1963 kwamba zinatoka kwenye vali hii.

Watu wapatao 2 hadi 3 kati ya 100 wana vali ya namna hiyo, na walio wengi huzeeka nayo bila shida. Tunalisema hili kwa nguvu, kwa sababu hofu nayo huumiza. Hatari ni kwa wachache: vipande vyote viwili vimefutuka, na nyuzi zinazovishikilia zinavuta nyama ya moyo kila pigo hadi inaingia makovu. Kovu huvuruga umeme wa moyo. Mapigo ya ziada hufuatana, moyo hutetemeka bila kusukuma damu, na mtu huanguka.

Ndiyo maana kuzimia ni ishara ya kushughulikiwa upesi, hasa mtu akianguka ghafla akiwa amebeba mzigo au anacheza mpira, au kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Msiseme amerogwa. Msiseme ni kifafa kabla moyo haujapimwa.

Kwetu kuna adui mwingine wa vali hiyo hiyo: homa ya rumatizimu, inayofuata maumivu ya koo ya mtoto yasiyotibiwa. Vali hukakamaa, chumba cha juu hutanuka, mapigo huenda ovyo, damu huganda na kuleta kiharusi. Uchunguzi wa wanafunzi wa Kinshasa uliotolewa mwaka 1998 ulikuta ugonjwa huu kwa watoto 14 katika kila 1,000. Lakini unazuilika. Kaskazini mwa Uganda, watoto ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika walidungwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka miwili. Walioendelea kuharibika hawakufika 1 kati ya 100, na kwa wasiodungwa walikuwa 8. Mama, koo la mtoto lisikae hivi hivi.

Anzeni santre ya afya, mwombe barua ya kwenda Hopitali Kuu ya Rufaa. Tangu miaka ya 1970 Kasongo inajulikana na wanafunzi wa afya ya jamii duniani kwa mpango huo wa santre na hopitali kufanya kazi pamoja, tuutumie. Mgonjwa anahitaji kipimo cha umeme wa moyo na ekografia, hata kama ni lazima asafiri mbali.

Aliyepewa dawa ya kutuliza mapigo asiiache ghafla. Akiugua malaria, amwambie munganga habari ya moyo wake kabla ya kuwekewa kinini, maana kinini inaweza kugusa mapigo. Akiharisha sana aende mapema, kwani mwili ukipoteza chumvi zake moyo huvurugika.

Mtu akianguka, haitiki wala hapumui vizuri, mlazeni chali mahali pagumu. Sukumeni katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, huku mwingine akikimbilia munganga.