Utulivu Kwenye Mzani: Afya ya Akili Katika Msimu wa Korosho

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kwa kawaida Oktoba, maghala ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) huko Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hujaa magunia, watu na maswali. Mbele ya karani husimama mkulima aliyepulizia salfa kuukinga mkorosho na ubwiri unga, na sasa ada za watoto na deni la pembejeo vinalisubiri gunia hilohilo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mzigo hukabidhiwa leo na fedha huja baada ya mnada. Kusubiri huko huzaa maneno makali, nayo humwangukia karani, asiyepanga bei wala kutuma malipo. Hoja ya kijitabu hiki ni moja: utulivu kazini hauji wenyewe siku ya vurugu, huandaliwa mapema, mwilini, ofisini na nyumbani.

Tuanze na mwili. Mtu akitukanwa au kutishwa, homoni za adrenalini na kotisoli huongezeka katika damu. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza, na uwezo wa kupima maneno hupungua. Ndiyo maana kumwambia karani aliyekasirishwa "tulia" hakumsaidii. Pumzi ya polepole humsaidia zaidi: avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe taratibu akihesabu hadi 6, kwa dakika tano. Zoezi hili lifanywe kila asubuhi nyumbani, ili mwili uwe umeshalizoea pale kelele zitakapoanza. Akishapumua, karani aanze na lililo kweli, kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, ni kweli umesubiri sana. Ninachokijua hadi sasa ni hiki."

Wapo watakaosema tatizo ni malipo, si pumzi. Wana haki. Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara walizikataa bei za mnada. Novemba serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na uhakiki na malipo vikaendelea hadi mwaka uliofuata. Hakuna karani angeweza kuituliza hali ya namna ile kwa kupumua tu. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2022 hauishii kumfundisha mfanyakazi kustahimili. Unataka pia mazingira ya kazi yarekebishwe. Chama kibandike ubaoni bei ya mnada na hatua malipo yalipofikia, kiweke watu wawili mzanini, na kiheshimu mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Uchambuzi wa WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40.

Wengine husema mtu mzima huvumilia, na jioni pombe ya uraka humsahaulisha. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huuvuruga usiku, na kesho mtu huamka akiwa mwepesi zaidi wa kukasirika. Uvumilivu wa kimya nao mara nyingi huishia kwa watoto, wanaopigwa kwa kosa lisilo lao. Kwa hiyo familia isimpokee karani mlangoni kwa maswali ya malipo ya jirani. Aoge, ale, kisha azungumze na mtu anayemwamini. Akikosa usingizi, akipoteza hamu ya kula au akiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, aende zahanati. Akitaja kutaka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kutafuta tiba hakumpunguzii mtu heshima, kama vile kutibiwa malaria kusivyompunguzia. Viongozi wa chama na familia wakae kabla ya mnada wa kwanza wakubaliane haya, kwa sababu msimu ukishapamba moto nafasi ya kukubaliana huwa haipo.