Mpe kuku mgeni wiki tatu

Mpunga unapoanza kuingia nyumbani, Mei kuelekea Juni, ndipo wengi huku Kyela huongeza kuku. Fedha imeshikika kidogo, pumba zipo, na mvua zetu, ambazo kwa mwaka hupita milimita 2,000, zinaanza kutulia. Tetea watatu wananunuliwa gulioni, jogoo analetwa na shemeji aliyeko Rungwe, na jioni ileile wote wanasukumiwa bandani na wenyeji. Siku chache baadaye banda zima limezubaa, mabawa chini, kinyesi cha kijani kila mahali, na lawama anabebeshwa jirani mwenye kijicho.

Mara nyingi mchawi aliingia na tenga.

Kuku aliyeambukizwa mdondo huweza kukaa siku kadhaa akichakura na kula kama kawaida, na wataalamu wa mifugo hukadiria muda huo kuwa hadi siku 21. Gulioni kuku wa vijiji vingi hubanwa pamoja tangu alfajiri, kwa hiyo hata aliyetoka kwake mzima anaweza kuondoka na virusi. Mafua ya kuku na homa ya matumbo ya kuku vina ujanja mwingine: kuku hupona, akanenepa, lakini akabaki na vimelea anavyowagawia wenzake. Kwa hiyo mkague unaponunua: macho makavu, pua safi, manyoya ya nyuma yasiyoganda kinyesi, viroboto wasiojazana kuzunguka macho na kishungi. Ila usijidanganye kwamba jicho lako limemaliza kazi.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba humzuia asirudi alikotoka, lakini pua yake iko huru kumpulizia mwenyeji anayepita. Mimi napendelea kizimba. Mfungie humo wiki tatu kamili, mbali na banda la zamani kadiri uwanja unavyoruhusu. Kwa wa Kyela mjini, ambao viwanja vyao vimebanana, ni afadhali kumwomba ndugu asiyefuga akuhifadhie. Kizimba kiinuliwe juu ya ardhi, maana kwenye mabonde ya Mbaka, Kiwira na Lufirio udongo hubaki na unyevu muda mrefu baada ya mvua, na unyevu huchochea kuhara damu kwa kuku wadogo. Hudumia wenyeji kwanza, wageni baadaye, kisha nawa mikono na uvue ndala ulizoingilia humo. Chombo cha maji cha wageni kisihamie kwa wenyeji hata kwa siku moja.

Wiki hizo tatu ndizo pia nafasi ya chanjo ya mdondo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hutolewa tone moja kwenye jicho na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wenyeji wachanjwe kabla hujaenda gulioni, angalau wiki mbili kabla, kwa sababu kinga haijengeki siku moja. Wageni wape siku mbili tatu wapumzike na safari, kisha nao wapate tone lao. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, tena ikishachanganywa haiwekwi ya kesho, hivyo changeni majirani kadhaa na mchanje asubuhi moja. Chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingine, jambo la maana kwa joto letu la ufukweni, lakini hata hivyo isianikwe juani kwenye kikapu cha baiskeli.

Ugomvi ndio watu wanaouogopa zaidi, nao ndio mdogo. Mapema miaka ya 1920, Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway alieleza jinsi kila kuku anavyojua nani anamdonoa na nani humdonoa yeye. Mgeni akiingia, ngazi hiyo hupangwa upya, na hakuna dawa ya kuizuia. Unachoweza ni kuipunguzia makali. Wiki tatu zikiisha, kama wote ni wazima, sogeza kizimba karibu na banda waonane kupitia wavu. Usiingize tetea mmoja peke yake. Wawili au watatu hugawana kipigo. Siku ya kuwafungulia, weka chakula na maji sehemu mbili au tatu, ili mnyonge asilale njaa kwa kuogopa koo mkubwa. Ile desturi ya kuwapenyeza usiku ina faida yake, ila asubuhi wenyeji huwatambua tu, kwa hiyo uwepo wakiamka. Anayetoka damu mtoe mara moja na umpake dawa ya zambarau, kwa maana wekundu wa kidonda huwaita wengine waendelee kudonoa. Jogoo wawili kwa tetea wachache ni kununua vita. Jogoo mmoja kwa tetea wanane hadi kumi anatosha.

Kwenye chakula, usipa mkavu wa ziwani uliosagwa na kuchanganywa na pumba utawarudishia nguvu haraka. Pumba zilizopata ukungu zitupwe, hata kama gunia ni zima. Wenye mashamba ya kakao nao wajihadhari: maganda ya mbegu za kakao yana sumu kwa kuku, yasitumike kama chakula wala matandazo.

Mgeni akianza kukohoa, kupinda shingo au kuhara kijani akiwa kizimbani, usimkimbize gulioni kuokoa fedha yako, wala usimnyweshe vidonge vya binadamu, kwani mdondo hauna tiba. Mwite afisa mifugo wa kata, na akifa mchome moto au mfukie kwa kina mahali ambapo mbwa hawatamfukua.