Saa Hazitoshi, au Hazina Mpango?

Liko lalamiko moja lisikikalo katika kila baraza ya Jang'ombe, kwa kijana na kwa mzee: siku haitoshi. Mwanafunzi wa kidato cha nne asema aliketi na vitabu tangu magharibi hata usiku mkubwa, na sura moja haikwisha. Fundi cherahani ana vitambaa vya watu kumi na watano, sikukuu imebakiza siku nne, na kila mmoja wao ameambiwa, "Njoo kesho." Mama auzaye maandazi aliamka kabla ya alfajiri, jua limekuchwa, naye hajui mchana wake ulikwenda wapi.

Hawa si wavivu, wala jambo lenyewe si dogo. Mtihani haumngoji asiyekuwa tayari. Mtoto aliyeahidiwa kanzu hawezi kuvaa ahadi. Na fundi akikosa neno lake mara mbili tatu, hupoteza jina, nalo jina ndilo mtaji wake. Kwa hiyo leo tutajifunza namna ya kuchagua njia ya kuzitumia saa zetu, kila mtu kwa kadiri ya kazi yake.

Twafanyaje hesabu?

Yafaa tuanze na saa yetu wenyewe. Unguja iko karibu na Ikweta, kama digrii sita kusini yake, na mchana wake hautofautiani hata kwa saa nzima tangu mwanzo wa mwaka hata mwisho. Kwa sababu hiyo wazee wetu walihesabu saa za mchana tangu macheo. Tusemapo "saa sita mchana" twasema kwamba saa kama sita za mwanga zimekwisha kutumika, na kama sita zimebaki. Saa ya Kiswahili ni daftari la matumizi: kila itajwapo yatuambia tumekula kiasi gani. Bahati mbaya twaitaja kila siku bila kuisikia.

Mbona kazi haiishi?

Wataalamu wamechunguza jambo hili, na yako mambo matatu yatufaayo.

La kwanza, fikira haihami upesi kama mkono. Mwaka 2009 mtaalamu Sophie Leroy alitoa uchunguzi wake kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha na kurukia nyingine, sehemu ya fikira zake hubaki nyuma, na ile ya pili huifanya kwa akili pungufu. Mwanafunzi asomaye huku akitazama simu kila dakika chache hasomi saa tatu. Asoma vipande vilivyokatika, na kila kipande huanza kwa kutafuta alipokuwa. Mshika mbili moja humponyoka.

La pili, kazi isiyo na mpaka hutanuka. Mwingereza Cyril Northcote Parkinson alilieleza jambo hili mwaka 1955 katika gazeti la The Economist, kwa mzaha wenye ukweli ndani yake. Barua ya nusu saa, ikipewa siku nzima, huila siku nzima.

La tatu, hatujui kukadiria. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba watu wapangapo kazi hukadiria muda mdogo kuliko utakaohitajika, hata kama kazi zao za nyuma zilichelewa. Kwa hiyo fundi asemaye "kesho" si lazima awe mwongo. Huenda yeye ndiye wa kwanza kudanganyika.

Njia nne

Njia ya kwanza ni orodha yenye mizani. Huhusishwa na Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, ambaye katika hotuba ya mwaka 1954 alitofautisha mambo ya haraka na mambo ya maana. Kila kazi huulizwa maswali mawili: Je, ina maana? Je, ina haraka? Yenye yote mawili hufanywa sasa. Yenye maana isiyo na haraka hupangiwa siku yake. Yenye haraka isiyo na maana kubwa hupewa mwingine, ikiwezekana. Isiyo na lolote huachwa. Hatari iko katika ile ya pili, kwa maana kusoma kwa ajili ya mtihani wa miezi sita ijayo hakupigi kelele, na simu hupiga.

Njia ya pili ni vipindi vifupi. Mwitalia Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ndogo ya jikoni yenye umbo la nyanya. Hufanywa kazi moja kwa dakika 25, kisha hupumzikwa dakika 5, na baada ya vipindi vinne hupumzikwa zaidi. Wenyeji wa Jang'ombe, mtaa uliotoa Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe, hawahitaji kufundishwa maana ya kipindi. Mpira una dakika 45, mapumziko, kisha 45 nyingine, wala hapana amwitaye mlinda lango aje kupokea simu katikati ya mchezo. Twashangilia nidhamu hiyo uwanjani, kisha twaikataa mezani petu.

Njia ya tatu ni kuigawa siku mafungu, kila fungu na kazi yake. Hapa kwetu siku imekwisha kugawanywa: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha hutangazwa kwa sauti, na kila mkaaji wa mtaa, awe wa dini gani, huzisikia. Asiye na saa mkononi anayo alama ya kuanzia na ya kuishia.

Njia ya nne haikutoka mbali. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, walio wengi wao wanawake, wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1980. Wakati wa bamvua, maji yatokapo mbali, huingia shambani kupanda na kuvuna. Wakati wa maji mafu kazi ya baharini hupungua, nao hushughulika na kuanika, na kutengeneza kamba, na mambo ya nyumbani. Hakuna awezaye kuibembeleza bahari imngoje. Mkulima huyu hajiulizi, "Leo nina hamu ya kufanya nini?" Ajiuliza, "Maji ya leo yaruhusu kazi gani?" Kila mtu ana bamvua yake, yaani saa ambazo akili ni nyepesi na nyumba imetulia, na ana maji mafu yake. Kazi nzito huwekwa katika bamvua. Kufagia, kupiga pasi na kujibu salamu kwaweza kungoja.

Nani achague ipi?

Kosa ni kudhani kwamba iliyomfaa mmoja itawafaa wote. Tazama kwanza kazi yenyewe.

Mwanafunzi, ambaye adui wake ni kuanza, achague vipindi vifupi. Sura nzima yaogofya, lakini dakika 25 hazimwogofyi mtu, na bandu bandu huisha gogo. Simu ikae chumba kingine, mikononi mwa mama au dada.

Fundi cherahani asichague hiyo. Kukata kitambaa kwataka mkono usiokatizwa, na kengele katikati ya kanzu ni hasara. Yeye agawe siku mafungu: asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, akate, adhuhuri hata alasiri ashone, baada ya alasiri apime wateja na kupokea vitambaa vipya. Kisha aandike kila nguo ilimchukua saa ngapi kwa kweli. Baada ya wiki mbili daftari hilo litamwambia aahidi siku gani, naye hatasema "kesho" tena kwa kubahatisha.

Mama mwenye watoto wadogo hawezi kuahidi hata dakika 25 zisizo na kilio. Yeye achague orodha fupi ya mambo matatu tu, na la kwanza alifanye watoto walalapo. Mambo matatu yaliyokwisha ni bora kuliko kumi yaliyoguswa.

Tena njia iwe nyepesi. Tukumbuke kwamba Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, umeme utokao bara ulipokatika. Njia ifaayo ni ile iwezayo kuishi kwa kalamu, kipande cha karatasi na mwanga wa jua.

Maonyo mawili

La kwanza twalisema kwa aibu, maana lilitupata sisi wenyewe. Tulikuwa na orodha ya mambo kumi, na kila Ijumaa tulifurahi kwa kuwa saba yamefutwa. Lakini yale saba yalikuwa mepesi, na makala ya ukurasa huu ilikuwa haijaandikwa. Kutafuta njia, kuchora mistari na kununua daftari jipya kwaweza kuwa uvivu uliovaa kanzu. Chagua moja, ishike majuma mawili, kisha uulize swali moja tu: Ni kazi gani iliyokwisha?

La pili, si kila akatizaye kazi ni mwizi wa wakati. Nyumba zetu zimekaribiana, na jirani abishaye hodi kwa sababu ya msiba au mgonjwa hangojeshwi mpaka kipindi kiishe. Kwa hiyo usiijaze siku hata ukingoni. Acha fungu moja tupu kwa ajili ya hodi. Siku isipobishwa, hiyo ni faida yako. Siku ikibishwa, utampokea mtu kwa uso mkunjufu, wala hutamtazama kama hasara.

Wahenga walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Ukuta hauna budi kubaki mahali pake. Tulicho nacho sisi ni kuamua tupange nini ndani ya nyumba.

Maswali ya kujadiliana nyumbani: Ni saa zipi za siku zilizo bamvua yako, nazo wazitumia kwa kazi gani? Ni kazi gani yenye maana uliyoiahirisha kwa kuwa haipigi kelele? Na ahadi uliyoitoa juma hili, uliipima kwa saa au kwa matumaini?