Mbegu na Shamba: Lugha ya Ugumba na Wajibu wa Baba Kabla ya Mimba

1.0 Utangulizi

Ndoa inapofikisha mwaka wa pili au wa tatu bila mtoto, maswali huanza kuulizwa. Aghalabu maswali hayo huelekezwa upande mmoja. Mama mkwe humwangalia mkaza mwana tumbo kila anapomtembelea, mawifi hunong'ona, majirani hutunga majina. Mume huonewa huruma, na baadaye hushauriwa kuoa mke mwingine. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza iwapo mume mwenyewe amewahi kupimwa.

Makala haya yananuia kuonyesha kuwa ukimya huo unajengwa, pamoja na mambo mengine, na lugha tunayoitumia kuzungumzia uzazi. Aidha, yanadai kwamba lugha hiyo inapingana na yale ambayo sayansi imeyabainisha mintarafu mchango wa mwanamume katika kupatikana kwa mimba na katika afya ya mtoto atakayezaliwa. Suala hili si la kinadharia tu. Wapo wanawake waliopewa talaka kwa kasoro isiyokuwa yao, na wapo wanaume ambao wangetibiwa mapema wakapata watoto lau wangekubali kuchunguzwa.

2.0 Ugumba katika Msamiati na Sarufi

Kiswahili kina maneno matatu yanayotajwa sana katika muktadha huu: tasa, mgumba na hanithi. Neno tasa hutumiwa zaidi kumrejelea mwanamke au mnyama wa kike asiyezaa. Mgumba ni neno linaloweza kumhusu mwanamume au mwanamke, lakini katika mazungumzo ya kila siku wengi wakilisikia humfikiria mwanamke. Hanithi ni mwanamume asiyeweza kujamiiana. Ukiyatazama maneno haya kwa makini, utagundua pengo: mwanamume mwenye nguvu zake kamili, ila mbegu zake haziwezi kutungisha mimba, hana jina lake mahususi. Asiye na jina ni vigumu kumwona, na asiyeonekana hapelekwi hospitalini.

Pengo hilo linapanuliwa na sarufi. Mimba inapopatikana, mwanamume ndiye kiima cha sentensi: 'Musa amemtia Halima mimba.' Mimba inapokosekana, kiima hubadilika: 'Halima hashiki mimba', 'Halima hazai', au kwa kauli ya kutendea, 'Halima hajamzalia Musa mtoto.' Katika sentensi hii ya mwisho mtoto ni yambwa tendwa, naye Musa ni yambwa tendewa, yaani mtu anayesubiri kufanyiwa jambo na mwenzake. Hivyo basi, sifa ya kupata mtoto humwendea mume, na lawama ya kumkosa humwendea mke.

Jazanda ya mbegu na shamba nayo imefuata mkondo huo huo. Mwanamume ni mpanzi, mwanamke ni shamba. Mazao yasipoota, husemwa kuwa ardhi ni kavu. Ajabu ni kwamba mkulima halisi hafikiri hivyo. Mahindi yasipochipuka, jambo la kwanza analoliuliza ni mbegu alizitoa wapi, zilihifadhiwaje, na kama zilikuwa zimeingiwa na wadudu. Jazanda yenyewe, ikifuatwa hadi mwisho, inamdai mpanzi azikague mbegu zake.

3.0 Yanayobainishwa na Sayansi

Shirika la Afya Duniani huufafanua ugumba kuwa ni hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hiyo wakati fulani maishani mwake. Wataalamu wa uzazi wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, kuna kasoro upande wa mwanamume, ama peke yake ama pamoja na ya mwanamke. Kumchunguza mke peke yake, kwa hiyo, ni kuifanya nusu tu ya kazi.

Mbegu za kiume hutengenezwa ndani ya korodani, ambazo zimewekwa nje ya kiwiliwili kwa kuwa kazi hiyo huhitaji ujoto ulio chini ya ule wa mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 za selsiasi. Utengenezaji wa mbegu moja huchukua takriban siku 74, na baada ya hapo mbegu hukaa siku kadhaa katika mirija ya kuzikomaza. Maana yake ni kwamba mbegu inayotungisha mimba leo ilianza safari yake yapata miezi mitatu iliyopita. Pombe, moshi wa sigara, homa kali na sumu alizozipata mwanamume katika kipindi hicho huweza kuacha alama juu yake.

Mambo yanayodhuru uzazi wa mwanamume ni mengi. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huweza kuziba mirija. Matumbwitumbwi yakimpata mwanamume aliyekwisha kubaleghe huweza kushambulia korodani. Mishipa ya damu iliyovimba kuzunguka korodani, unene wa kupita kiasi, kisukari na uvutaji wa sigara vimo pia katika orodha hiyo.

Kazi anayoifanya mtu nayo ina nafasi yake. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha kemikali mjini Lathrop, jimbo la California nchini Marekani, wafanyakazi walianza kuulizana kwa nini wake zao hawashiki mimba. Walipopimwa, ilibainika kuwa wengi wao walikuwa na mbegu chache mno au hawakuwa nazo kabisa. Chanzo kilikuwa DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni waliyokuwa wakiitengeneza. Mwaka 1979 Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi ya dawa hiyo. Yafaa kuzingatiwa kwamba siri hiyo ilifichuka kwa sababu wanaume walithubutu kuzungumza wao kwa wao. Mkulima wa Afrika Mashariki anayebeba bomba la dawa mgongoni bila glavu wala kizibo cha mdomo ana funzo hapo.

4.0 Nguvu Si Uzazi

Katika miji mingi ya Kenya, nguzo za umeme na kuta za vituo vya mabasi zimebandikwa matangazo ya waganga wanaoahidi kurejesha nguvu za kiume. Matangazo hayo huchanganya mambo mawili tofauti. Uwezo wa kujamiiana ni jambo moja. Uwezo wa mbegu kutungisha mimba ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu tele, shahawa zake zikawa za kawaida kwa kuzitazama, na bado zikawa hazina hata mbegu moja. Mbegu hazionekani kwa macho. Alizitazama Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi mwaka 1677 kwa sababu alikuwa na hadubini.

Mkanganyiko huu una madhara. Wapo wanaume wanaotumia dawa zenye homoni ya testosteroni ili kutunisha misuli au kuongeza nguvu. Homoni hiyo ikiingizwa kutoka nje, ubongo hupokea ujumbe kwamba mwili unayo ya kutosha, nao huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Utengenezaji wa mbegu hupungua, na wakati mwingine husimama kabisa. Anayetafuta uanaume dukani huweza kuupoteza ubaba nyumbani.

Kipimo kinachohitajika si kigumu. Mwanamume hutakiwa kujizuia kujamiiana kwa siku 2 hadi 7, kisha hutoa shahawa zinazochunguzwa katika maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umetaja mbegu milioni 16 kwa kila mililita kuwa ndicho kiwango cha chini cha kulinganishia. Kiwango hicho si ukuta unaotenganisha wazazi na wagumba, kwani wapo waliozaa wakiwa chini yake. Ni ishara tu ya kumwongoza daktari. Kipimo hiki ni chepesi na salama kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mwanamke, na hiyo pekee ni sababu tosha ya kukianza mapema.

5.0 Urithi Autoao Baba Kabla ya Mimba

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii inamhimiza mzazi asijivunie kuzaa akasahau malezi. Hata hivyo, utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba malezi ya baba huanza kabla ya mtoto kutungwa.

Mwaka 2012 watafiti nchini Iceland walichunguza jeni za wazazi na watoto wao. Waligundua kwamba baba mwenye umri wa miaka 20 humpitishia mtoto wake wastani wa mabadiliko mapya 25 ya jeni, ilhali baba wa miaka 40 humpitishia yapata 65. Yatokayo kwa mama yalikuwa karibu 15, bila kutegemea sana umri wake. Mengi ya mabadiliko hayo hayana madhara, na watoto walio wengi wa baba wenye umri mkubwa huzaliwa wazima. Lakini dhana kwamba saa ya uzazi humhesabia mwanamke peke yake haina mashiko tena.

Chakula nacho kina neno. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambapo panya wa kiume walilishwa vyakula vyenye mafuta mengi, huku panya wa kike waliokutanishwa nao wakila chakula cha kawaida. Watoto wa kike waliozaliwa walikuwa na kasoro katika utoaji wa insulini, ingawa mama zao hawakuwa na kosa lolote. Kwa upande wa binadamu, kumbukumbu za mavuno na vifo kutoka Överkalix, kaskazini mwa Uswidi, zilionyesha uhusiano kati ya wingi wa chakula alichokipata babu mzaa baba alipokuwa mvulana na urefu wa maisha ya wajukuu wake wa kiume. Binadamu si panya, na uhusiano si hukumu. Hata hivyo, ushahidi huu unatosha kumfanya mwanamume afikiri mara mbili kabla ya kusema kuwa mwili wake ni wake peke yake.

Yapo pia mambo yasiyohitaji utafiti mpya. Ugonjwa wa selimundu unapatikana kwa wingi katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani ya Kenya. Baba na mama wanapokuwa wote wamebeba jeni yake, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kumzaa mtoto mgonjwa. Kaswende nayo hupita kutoka kwa mume hadi kwa mke, na kutoka kwa mke hadi kwa kijusi. Mama akitibiwa kliniki kisha akarudi kwa mume asiyetibiwa, tiba hiyo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

6.0 Fasihi na Ufichuzi wa Siri

Watunzi wa Kiafrika wameliona tatizo hili. Katika tamthilia ya Anowa ya Ama Ata Aidoo wa Ghana, iliyochapishwa mwaka 1970, mke anajisaili kwa miaka mingi kwa kukosa mtoto, hadi anapong'amua kwamba kasoro iko kwa mumewe, Kofi Ako. Ukweli huo unapofichuka, wote wawili wanaishia kujiua. Lola Shoneyin wa Nigeria, katika riwaya yake ya mwaka 2010 kuhusu wake wa Baba Segi, anamsawiri mume anayejigamba kwa watoto wake, kumbe mgumba ni yeye, na wake zake wa awali walitafuta watoto nje ili kujinusuru.

Kazi hizi mbili zinaafikiana kwa jambo moja: kinachoziangamiza nyumba hizo si ugumba wenyewe, bali ni kuficha. Kofi Ako hafi kwa kukosa mtoto. Anakufa kwa aibu ya kujulikana.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili namna msamiati, sarufi na jazanda za Kiswahili zinavyomtwika mwanamke lawama ya ugumba, na jinsi sayansi inavyoirejesha sehemu ya mzigo huo kwa mwanamume. Imebainika kwamba baba huchangia si jina la ukoo tu, bali afya pia, na kwamba miezi mitatu kabla ya mimba ni wakati wake wa kujiandaa: aache sigara, apunguze pombe na uzito, ajikinge na sumu za kazini, apimwe magonjwa ya zinaa na selimundu.

Yapendekezwa kwamba walimu wa Kiswahili na wanaleksikografia wawe na istilahi inayotenganisha bayana ugumba wa kiume na uhanithi, na kwamba mafunzo ya jando, pale yanapoendelea, yamweleze kijana ukweli huu bila kumtia aibu. Tiba zipo: mirija iliyoziba huweza kufanyiwa upasuaji, na tangu mwaka 1992 imewezekana kuitumia mbegu moja tu kutungisha yai katika maabara. Nchini Kenya watoto wa kwanza waliotungwa kwa njia ya maabara walizaliwa mwaka 2006.

Waswahili husema, mficha uchi hazai. Methali hii kwa kawaida huelekezwa kwa mwanamke anayeona haya mbele ya mkunga. Wakati umewadia aisikie mwanamume pia, kabla hajamfungishia mkewe virago.